Mombasa kwa Saa za Ibada: Siku Sita Kisiwani na Ng'ambo Zake

Safari hii huanza Alhamisi na kuisha Jumanne, na siku hizo hazikuchaguliwa ovyo. Mombasa ni kisiwa kidogo. Ukisimama Ngomeni, yaani Fort Jesus, misikiti ya mamia ya miaka iko nyuma yako, hekalu la Wajaini, watu wa dini iliyotoka Bara Hindi, liko mwendo wa kama robo saa, na makanisa makuu mawili yako katika barabara moja. Ukivuka maji kwenda kusini, au ukipanda vilima vya bara, unaingia kwenye misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda. Ukaribu huo ndio unaowaponza wageni. Hutazama ramani, wakadhani siku mbili zinatosha, kisha wakakuta hekaluni pazia limeshushwa na msikitini safu zimeshapangwa. Mji huu hupangwa kwa saa za ibada kwanza, ramani baadaye.

Mzigo uwe mwepesi ila usikose vitu vinne. Champali au ndara za kuvuka bila kuinama, maana kuna siku utavua viatu mara kumi, na viatu vya kamba vitakuchosha kabla ya adhuhuri. Soksi, kwa kuwa sakafu za nje huunguza nyayo jua likisimama. Mshipi na mfuko wa kitambaa, badala ya ngozi. Sababu yake itaonekana Jumamosi. Na leso jozi moja, iliyokatwa na kupindwa tayari. Leso mpya huuzwa vipande viwili vikiwa vimeshikana, na ukiibeba hivyo haifungiki kichwani wala kiunoni. Katika mtaa wa Biashara kuna mafundi cherehani wa kukupindia ukingoja. Ongeza noti ndogo za masanduku ya sadaka, na kitambulisho au pasipoti, kwa sababu viingilio vya makumbusho hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni.

Angalia pia kalenda mbili. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale haifungui mchana, lakini usiku mitaa huwa hai kuliko wakati wowote. Waswahili huhesabu miezi inayofuata kwa jina la mfungo: Ashura ya Mashia huangukia kumi ya Mfungo Nne, na Maulidi huwa Mfungo Sita. Diwali ya Mabaniani huja Oktoba au Novemba. Ukifika katika siku hizo utaona mengi, ila usitarajie mtu wa kukutembeza ndani, kwani wenyeji wana shughuli zao.

Alhamisi: barabara kuu na kituo cha Makindu

Tunaondoka Nairobi saa 12 asubuhi kwa gari. Treni ya SGR, reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ni nyepesi zaidi kwa mwili, na anayeipanda atashuka Miritini kisha achukue matatu ya kuingia mjini. Lakini barabara ina jambo ambalo treni haina: hekalu la Masingasinga la Makindu, kama kilomita 165 kutoka Nairobi.

Inafaa kuanza hapa, kwa sababu hekalu hili ni mtoto wa bandari ya Mombasa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, na karibu 2,500 walikufa kazini. Masingasinga waliobaki kuhudumu kwenye reli ndio walioweka mahali pa ibada Makindu, na hekalu likajengwa mwaka 1926. Hadi leo hupokea msafiri yeyote, humlisha bila malipo, na anayehitaji kulala hupewa chumba.

Utaratibu ni huu. Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa, mwanamume na mwanamke sawa. Vitambaa vipo mlangoni kwa asiye na chake. Tumbaku na pombe haviingii kabisa, hata vikiwa vimefungwa mfukoni, kwa hiyo viache garini. Ndani ya ukumbi watu huinama mbele ya kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, kisha huketi sakafuni. Kunja miguu; kukielekezea kitabu nyayo ni utovu wa adabu mkubwa. Ukipewa tonge tamu ya unga na samli, ipokee kwa viganja viwili vilivyounganishwa. Baadaye unakwenda kwenye bwalo kula dengu, mboga, wali na chapati, nyama haipikwi. Omba kidogo, ukimaliza ongeza. Kubakiza chakula kwenye sinia ndilo kosa la wageni linalowaudhi wenyeji kuliko yote. Pesa hudumbukizwa kwenye sanduku, hazikabidhiwi mpishi.

Kutoka Makindu zimebaki kama kilomita 320. Hesabu muda wa ziada kuanzia Mariakani, kwa kuwa malori ya makontena ya bandarini hujipanga kuingia na kutoka, na gari linaweza kutambaa hadi Changamwe na Makupa. Lengo ni kuwa kisiwani kabla ya magharibi, ambayo Mombasa huwa kati ya kama saa 12:10 na saa 12:45 jioni mwaka mzima.

Hapo kuna mtego wa lugha. Siku ya Kiswahili huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni huu wa Alhamisi jioni. Mtu wa Mombasa akikualika kwenye maulidi au arusi usiku wa Ijumaa, ukaja Ijumaa jioni, utakuta viti vimeshakunjwa. Uliza mara mbili: "Usiku wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa yenyewe usiku?" Hili huwakosesha watu wa bara shughuli nzuri kila mara.

Ijumaa: Ngomeni, kisha Mji wa Kale

Saa 2 asubuhi lango la Fort Jesus hufunguliwa, na hiyo ndiyo saa ya kuingia. Kufikia saa 5 mawe huwa yamepata moto na vikundi vya wanafunzi vimejaa. Uwe na simu yenye pesa, usitegemee noti tupu. Nje ya lango utakutana na watembezaji. Patana bei na muda kabla ya kupiga hatua, na useme wazi kama bei hiyo inahusu ngome peke yake au na mitaa pia. Ugomvi mwingi wa hapo huanzia kwenye neno hilo ambalo halikusemwa.

Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Wengi hutazama mizinga wakaondoka. Sisi tunashauri uitazame kama mahali ambapo dini mbili ziligongana ndani ya mtu mmoja. Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alichukuliwa na Wareno akiwa mtoto, akalelewa Goa, huko Bara Hindi, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Mreno, akarudi kwenye Uislamu, na Wakristo wa mjini, Wareno na Waafrika, waliokataa kusilimu wakauawa. Kanisa Katoliki huwakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Simama kwenye misingi ya kanisa la ngome, kisha pandisha hadi Nyumba ya Waomani iliyo juu ya boma. Hatua zisizofika mia zinakupitisha katika mabadiliko ya watawala na sala zao. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Vitu vya manowari Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome katika mzingiro huo, vimo kwenye makumbusho.

Toka ngomeni saa 4:30. Una saa moja na nusu ya kutembea mitaani kabla ya sala ya Ijumaa, na inatosha ukiijua dira. Dira yenyewe ni misikiti. Mombasa iko kwenye longitudo ya karibu 39.7 Mashariki, na Makka 39.8; kwa hiyo kibla cha hapa ni kaskazini karibu sawasawa. Misikiti ya zamani mara nyingi ina kidaka cha kibla kilichotokeza nje ya ukuta kama kifundo. Ukipotea kwenye vichochoro, tafuta kifundo hicho: kinakoelekea ni kaskazini, mkono wako wa kulia ni bahari, na mgongoni ni Ngomeni. Simu hupoteza mwelekeo kati ya kuta ndefu za Kibokoni na Kuze, misikiti haipotezi.

Msikiti wa Mandhry, kwenye barabara ya Sir Mbarak Hinawy, ndio unaotajwa kuwa mkongwe kuliko yote inayosaliwa mjini, na mwaka unaopokewa ni 1570. Mnara wake mweupe ni mnene chini na hupungua kuelekea juu. Linganisha na mnara wa msikiti wa Basheikh, ulio upande wa barabara ya Kilindini ya zamani, ni ndugu. Minara hii haifanani na ile myembamba yenye roshani iliyokuja baadaye, na kwa maoni yetu ndiyo sura halisi ya ujenzi wa kale wa Mvita. Angalia pia upana wa vyumba vya nyumba za zamani: ni vyembamba na virefu, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka haivuki kama mita 3. Msikiti uliotaka ukumbi mpana ulilazimika kuongeza nguzo katikati.

Kuingia ni suala jingine. Mwislamu aingie kama aingiavyo msikiti wowote. Asiye Mwislamu asivuke kizingiti bila kualikwa. Asubiri nje hadi sala iishe, kisha amuulize mzee aliyeketi barazani, aanze kwa "Shikamoo" au salamu ya kawaida na habari za asubuhi, ombi lije mwisho. Mara nyingi jibu huwa zuri. Mwanamke Mwislamu aulize kabla, kwani si kila msikiti mdogo una sehemu ya wanawake. Usimpige mtu picha akitawadha, na usipige picha ya mlango ulio wazi. Nyuma ya mlango huo ni ua wa watu.

Usidhani pia kwamba msikiti ni msikiti tu. Ukifika upande wa bandari ya zamani utaona msikiti wa Mabohora, Mashia wenye asili ya Bara Hindi, wenye mnara mrefu unaoonekana kutoka majini. Wanaume wao huvaa kofia nyeupe zenye mshono wa dhahabu, wanawake mavazi ya rangi yaitwayo rida. Kutembelea humo kunahitaji ruhusa ya ofisi ya jamaa yao, iliyoombwa mapema. Waismailia wana jamatkhana, yaani nyumba zao za ibada, ambazo saa za ibada ni za wanajamaa pekee. Ithnaasheri, nao Mashia, wana msikiti na imambara, yaani ukumbi wa majlisi. Wabulushi, ambao mababu zao walikuja kama askari wa masultani, wana msikiti wao upande wa Makadara. Makaburi ya Mazrui, familia iliyoitawala Mombasa hadi 1837, yako karibu na Ngomeni.

Saa 6 maduka huanza kushusha milango. Katika misikiti mikubwa mikeka hutandikwa hadi barabarani, na kupita katikati ya safu ni kosa. Kama husali, tafuta kivuli na ukae hadi kama saa 8. Mahamri na mbaazi ni chakula cha asubuhi na huwa yamekwisha. Mchana wa Ijumaa ni wa biriani au pilau. Jioni, baada ya magharibi, kahawa chungu kwa kashata hunywewa vibarazani, viazi karai na mishkaki huchomwa na kukaangwa kando ya njia. Hapo ndipo mji huzungumza, na ni saa bora ya kuuliza lile ulilolikosa mchana.

Jumamosi: Marikiti, Langoni na Haile Selassie

Asubuhi mapema pitia Marikiti, soko la barabara ya Digo lililojengwa mwaka 1914, kwa ajili ya iliki na mdalasini. Usikae sana. Mahekalu ni ya asubuhi, na ukichelewa umepoteza siku.

Hekalu la Wajaini liko barabara ya Langoni, la marumaru nyeupe, limechongwa tangu ngazi hadi kilele. Hapa ndipo mshipi wa ngozi unapogeuka tatizo. Wajaini hawadhuru kiumbe, na ngozi ni mnyama aliyeuawa. Kwa hiyo mshipi, pochi, kamba ya saa na mkoba wa ngozi vyote hubaki nje. Wageni wengi hukumbuka viatu wakasahau pochi, kisha huanza kuhangaika waache wapi pesa. Chakula na maji pia haviingii. Wanaoingia chumba cha ndani kabisa cha sanamu ni waumini waliooga na kuvaa nguo maalumu za ibada. Mgeni husimama nje ya kizingiti hicho na hagusi kitu. Wanawake walio katika hedhi huombwa wasiingie, na ni heri kulijua kabla kuliko kuambiwa mlangoni. Picha ni kwa ruhusa tu.

Kutoka Langoni twende hekalu la Swaminarayan, madhehebu ya Kibaniani, barabara ya Haile Selassie, lililopakwa rangi nyingi. Fika kabla ya saa 5:30. Katika mahekalu ya madhehebu haya sanamu huamshwa, huvishwa, hulishwa na kupumzishwa kwa saa maalumu, na mchana pazia hushushwa hadi alasiri. Aliyefika saa 7 hakufungiwa kwa dharau. Amefika wakati wa mapumziko. Wanaume na wanawake huketi pande tofauti. Unapozunguka madhabahu, yazunguke yakiwa mkono wako wa kulia daima. Prasadi, yaani chakula kilichobarikiwa, hupokelewa kwa mkono wa kulia na huliwa. Usiitie mfukoni ukaisahau.

Chakula cha mchana kiwe cha mboga katika mojawapo ya mikahawa ya Kihindi ya mjini. Mjaini halisi hali kitunguu, kitunguu saumu wala viazi, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vidudu vilivyomo udongoni, tena hali baada ya jua kuzama. Ukiona neno "Jain" kwenye orodha ya vyakula, maana yake ni hiyo.

Alasiri nenda nguzo ya Mbaraki, kusini-magharibi mwa kisiwa. Ni mnara mnene wa mawe ya matumbawe, mtupu ndani, kando ya msikiti wa kale. Kwa muda mrefu watu wameleta hapo ubani na marashi kuomba haja zao. Masheikh wengi hukataza. Usiguse wala usisogeze chochote kilichoachwa.

Jumapili: barabara ya Nkrumah, kisha Kengeleni

Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Wakatoliki na Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana yako barabara moja, na mtu anaweza kuhudhuria misa ya kwanza upande mmoja na ibada ya katikati ya asubuhi upande wa pili. Uliza saa Jumamosi, kwani ibada za Kiswahili na za Kiingereza hupishana na ratiba hubadilika sikukuu. Fika robo saa kabla. Ukaguzi wa mifuko langoni ni wa kawaida, na mkoba mkubwa utakuchelewesha.

Kanisa la Waanglikana lastahili kutazamwa polepole. Lilijengwa 1903 hadi 1905, na aliyelichora ni J. H. Sinclair, ofisa Mwingereza aliyefanya kazi Zanzibar. Alilipa kuba na matao ya namna ya misikiti, hata mgeni anayepita na gari hudhani ni msikiti hadi aone msalaba. Ni ukumbusho wa, miongoni mwa wengine, Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Waliobaki wa msafara wake waliongozwa kurudi pwani na mchungaji William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, akakombolewa baharini na kusomeshwa Nashik, huko Bara Hindi. Mshike jina, tutamfuata leo na Jumanne.

Ukishuka kuelekea Ngomeni utapita Treasury Square, kwenye sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara Mwismailia ambaye maduka yake yaliifuata reli hadi Uganda. Alifariki 1916.

Mchana panda matatu za kaskazini zinazovuka daraja la Nyali, umwambie kondakta "Kengeleni". Jina hilo ni kengele yenyewe. Miaka ya 1870 wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walianzisha hapo Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa kwenye majahazi, na kengele iligongwa kuwaonya watu wavamizi wakionekana. Bado imening'inia kwenye mnara mdogo kando ya makutano ya barabara, na maelfu hupita kila siku bila kuinua macho. Simama upande wa watembea kwa miguu. Magari hapo hayasubiri mtu. Jones na wenzake waliorejea kutoka Bara Hindi walikuwa miongoni mwa walioufanya mji huo.

Kutoka hapo tuktuk hukufikisha Mkomani, karibu na English Point, kwenye mnara wa kumbukumbu ya mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf na kaburi la mkewe Rosine. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe na binti yao mchanga walikufa. Ng'ambo ya maji unauona Mji wa Kale wote, minara yake na ngome. Rudi kisiwani kabla ya magharibi na umalizie bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, kwenye upepo wa mlango wa Kilindini, ambako mihogo ya kuchoma kwa ndimu na pilipili huliwa na watu wa dini zote waliotoka ibadani wakiwa bado na nguo zao nzuri.

Jumatatu: Likoni na Kaya Kinondo

Feri ya Likoni ni bure kwa wanaotembea kwa miguu. Asubuhi umati huja kisiwani, jioni hutoka. Ukienda kusini saa 2 asubuhi unapishana nao. Kurudi panga iwe kabla ya saa 9 alasiri, vinginevyo utarudi gizani au utasubiri sana ukiwa na gari. Kivuko chenyewe ni dakika chache. Weka simu mfukoni, kwa ajili ya wezi na kwa ajili ya askari wasiopenda picha hapo.

Matatu za Likoni kwenda Ukunda huondoka zikijaa. Ukunda unabadilisha, unashika barabara ya ufuo wa Diani kwenda kusini hadi Kinondo. Leo champali zibaki chumbani. Msitu umeota juu ya mwamba wa matumbawe wenye ncha, na mizizi imetambaa juu yake. Vaa viatu vilivyofunika vidole.

Kaya ni maboma ya kale ya Wamijikenda, makabila tisa ya pwani, yaliyogeuka mahali pa kuzikia na kuombea. UNESCO iliziandika kadhaa mwaka 2008, Kinondo ikiwamo. Hii ni ya Wadigo, na Wadigo wengi ni Waislamu. Wazee wa kaya wanaweza kusali sala tano na bado kulinda msitu wa mababu. Anayetaka dini zikae kila moja kwenye sanduku lake atapata tabu hapa.

Hakuna kuingia peke yako. Jiandikishe na ulipe langoni, kisha mwongozaji atakufunga kaniki nyeusi kiunoni. Kofia huvuliwa. Hapokwi jani, haokotwi jiwe, havunjwi kijiti hata kikavu. Pia wapenzi hawabusiani. Palipozikwa fingo, yaani kago la kulinda kaya, hapafikiwi. Mwongozaji ataeleza miti na dawa zake, na matembezi huchukua kama saa moja. Swali zuri humfungua mdomo zaidi ya pesa: muulize mti upi hukatwa na kwa ruhusa ya nani.

Jumanne: Rabai, njiani kurudi

Ondoka kisiwani saa 1 asubuhi. Mazeras unaacha barabara kuu na kushika ile ya Kaloleni hadi Rabai. Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha misheni hapa mwaka 1846, chini ya kivuli cha kaya za Warabai, ambazo nazo zimo kwenye orodha ya UNESCO. Kanisa la zamani sasa ni makumbusho, na nyumba zao bado zimesimama jirani. Hapa ndipo Rebmann alipotoka kwenda kuiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na hapa ndipo Jones alipowarudisha watu wa Hannington mwaka 1886.

Kwa msomaji wa Kiswahili Rabai ina uzito mwingine. Krapf alitoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikachapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kiswahili alichokisikia ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, cha barabarani kwa Basheikh na Ndia Kuu katika Mji wa Kale, cha Waislamu waliomfundisha maneno aliyoyahitaji kwa Biblia. Saa moja na nusu inatosha hapa, mbili ukitaka kuona kaya. Kaya huhitaji ruhusa ya wazee, na anayeomba siku hiyohiyo huenda akaambiwa arudi. Omba kupitia makumbusho siku mbili kabla.

Kufikia saa 5 uwe umerudi Mazeras, malori hayajafunga barabara. Makindu utafika alasiri, na chai ipo.